Kichinjio kimeuzwa: deni la mfugaji linabaki kwa nani?

*"Assalaam alaykum daktari. Naishi Mikindani lakini zizi langu liko Samburu ya Kwale. Hununua mafahali waliokonda mnadani Mariakani, nikawalisha miezi mitatu au minne, kisha nikawapeleka kichinjio kimoja hapa Mombasa ambacho nimefanya nacho kazi miaka kadhaa. Hulipa kwa kilo za mzoga, baada ya siku thelathini. Sasa tumesikia kimeuzwa kwa watu wenye fedha za Ghuba. Nawadai shilingi 640,000 za mafahali wanane, na zizini nina wengine 22 walio tayari. Meneja aniambia hakuna kitakachobadilika, niendelee kuleta. Dalali aniambia niuze wote upesi kabla bei haijaporomoka. Na wenye kichinjio wapya wameleta karatasi ya mkataba wa miaka miwili, kwamba niwauzie wao tu. Je, pesa yangu iko salama? Niuze, ningoje, ama niweke sahihi?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Maswali yako ni matatu yaliyofungwa kamba moja: deni la mafahali wanane walioshachinjwa, hatima ya 22 walio zizini, na mkataba unaosubiri sahihi yako. Nitayajibu kwa mpangilio huo, maana jibu la kwanza ndilo linaloamua mengine. Nikutoe wasiwasi mapema kwa jambo moja: kubadilika kwa mwenye kichinjio, kwenyewe tu, hakufuti deni lako. Kinachoweza kukuumiza ni namna mauzo hayo yalivyofanywa, na hatua utakazochukua au kuacha kuchukua katika majuma haya machache.

Umesikia kichinjio kimeuzwa, lakini bado hujui ni kitu gani kilichouzwa. Hapo ndipo pa kuanzia. Kichinjio unachokijua wewe ni ukuta, mizani, chumba cha baridi na mlango wa kushushia ng'ombe. Mdaiwa wako si hivyo. Mdaiwa wako ni kampuni ambayo jina lake limeandikwa juu ya stakabadhi uliyopewa siku uliyofikisha mafahali. Kampuni kisheria ina nafsi yake: ina mali zake, ina madeni yake, hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Wenye hisa huja na kuondoka, yenyewe ikabaki ileile.

Basi, ikiwa wageni hao wamenunua hisa za kampuni, deni lako halijasogea hata kidogo. Kampuni uliyoidai jana ndiyo unayoidai leo, na waliobadilika ni wanaoimiliki tu. Mwenye hisa mpya hawezi kukuambia "hayo yalikuwa ya wale wa zamani", kwa sababu amenunua kampuni na madeni yake, na mnunuzi makini huyahesabu madeni hayo kabla ya kutaja bei.

Ikiwa wamenunua mali na biashara, yaani jengo, mitambo, malori, jina na wateja, bila kununua kampuni yenyewe, hapo mambo yanageuka. Unayeendelea kumdai ni kampuni ya zamani, ambayo sasa haina kichinjio. Ina fedha ilizolipwa, tena ikiwa fedha hizo hazijapita moja kwa moja kwenda benki au kwa wenyewe. Hapa ndipo wafugaji wengi huumia bila kujua. Wanaendelea kushusha ng'ombe mlango uleule, wanapimiwa na vijana walewale, hawatambui kwamba stakabadhi ya juma lililopita na ya juma hili zimetolewa na kampuni mbili tofauti. Njia ya tatu ni kukodisha: mwenye jengo hajauza kitu, amempa mwingine aendeshe kwa miaka kadhaa. Nayo pia huleta mdaiwa mpya kwa ng'ombe wapya, na kumwacha wa zamani na deni la zamani.

Kwa ile hali ya pili, Kenya ina sheria ya siku nyingi ambayo wafugaji wachache huijua: Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500. Kiini chake ni kwamba anayechukua biashara ya mwenziwe hubeba pia madeni ya biashara hiyo, hata kama wao wawili wamekubaliana vingine, isipokuwa notisi imetolewa kama sheria inavyotaka, katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida. Notisi yenyewe huwa fupi na kavu: biashara ya kampuni fulani itahamishiwa kwa kampuni fulani tarehe fulani, madeni ya kabla ya tarehe hiyo yatalipwa na anayeuza, na anayenunua hatayabeba. Ukiiona, maana yake una muda mdogo wa kudai kwa mwenye deni halisi. Ikiwa biashara imehama kweli na notisi haikutolewa, una hoja nzito ya kumdai hata mnunuzi.

Kwa hiyo kazi yako ya juma hili ni ya makaratasi, na wala si kubwa. Chukua stakabadhi zako, andika jina kamili la kampuni, kisha uombe hati ya CR12 ya kampuni hiyo kwa Msajili wa Kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hati hiyo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa sasa. Ukikuta majina ya wenye hisa yamebadilika, hisa ndizo zilizouzwa. Ukikuta majina ni yaleyale ya zamani ilhali watu wapya ndio wanaotoa amri getini, basi ama mauzo hayajakamilika, ama kilichouzwa ni biashara, ama ni ukodishaji. Gazeti Rasmi nalo hutoka kila Ijumaa na husomwa bure mtandaoni. Tafuta jina la kampuni katika matoleo ya miezi ya karibuni.

Kisha nenda kwa mhasibu wao, si kwa meneja wa machinjioni, ukaombe barua ya kukiri deni: jina la kampuni, tarehe uliyofikisha wanyama, idadi, kilo, kiasi kilichobaki, sahihi na muhuri. Mwombe kwa adabu. Mhasibu mwema hukupa siku hiyohiyo, kwa sababu anajua kampuni inapobadilisha wenyewe, vitabu hukaguliwa, na deni lililoandikwa vizuri ndilo linaloingizwa kwenye hesabu ya makabidhiano. Deni la mdomo husahaulika mwenye mdomo huo akihamia kazi nyingine. Pamoja na barua hiyo weka stakabadhi za mizani, vibali vya kusafirisha mifugo ulivyopewa na afisa wa mifugo, na ujumbe wowote wa simu uliotaja bei. Vibali hivyo watu huvitupa ng'ombe wakishafika, kumbe ni ushahidi wa serikali kwamba wanyama idadi fulani walitoka kwako siku fulani wakielekea hapo.

Na karatasi yoyote watakayokuletea kuhusu deni la zamani, usiitie sahihi hapo getini. Kuna mbili za kuogopwa. Moja husema unakubali deni lihamishiwe kampuni mpya. Sikwambii ni mbaya daima, kwani huenda kampuni mpya ndiyo yenye uwezo, lakini ukiitia sahihi umemwachilia yule wa kwanza, na ukitoswa na wa pili huna pa kurudi. Nyingine hukupa sehemu ya pesa leo na kusema umepokea malipo kamili na ya mwisho. Mwenye shida ya karo huona laki tatu taslimu ni bora kuliko laki sita za ahadi, nami simlaumu, lakini ajue amesamehe zilizobaki.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza hivi ilhali kampuni yenyewe haijafilisika. Mwezi Januari 1975, American Beef Packers ya Omaha, Nebraska, iliyokuwa miongoni mwa wachinjaji wakubwa wa Marekani, ilifilisika ikiwa na deni la takriban dola milioni 20 kwa wafugaji. Ng'ombe walikuwa wameshachinjwa, nyama imeshauzwa au iko kwenye vyumba vya baridi. Wafugaji walipokwenda kudai wakakuta mkopeshaji wa kampuni amewekewa dhamana juu ya nyama ile na fedha zake, naye yuko mbele yao kwenye foleni. Fikiria hilo: mtu aliyemlea ndama mpaka akawa fahali anasimama nyuma ya mkopeshaji, na nyama inayogombewa ni ya ng'ombe ambaye yeye hajalipwa. Ghadhabu iliyofuata ilifika hadi bungeni, na mwaka 1976 sheria yao ya 1921 inayosimamia wachinjaji ikarekebishwa: malipo yaharakishwe, wachinjaji wakubwa waweke dhamana, na nyama pamoja na fedha zake zihesabiwe kuwa amana ya mfugaji mpaka alipwe.

Kwetu, mfugaji aliyekopesha kichinjio ni mdai wa kawaida asiye na dhamana. Kampuni ikianguka, mwenye dhamana hutangulia mbele yake. Na kununua kampuni mara nyingi hufanywa kwa mkopo, na mkopo huo huwekewa dhamana juu ya mali ya kampuni iliyonunuliwa. Yaani siku ambayo mwenye mpya anaingia ndiyo siku ambayo foleni inaweza kubadilika bila wewe kuambiwa. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika iliweka rejista ya kielektroniki ambamo dhamana hizo huandikishwa, na mtu yeyote anaweza kuitafuta. Ukiona mitambo, akiba ya nyama na fedha wanazodai wateja vyote vimewekwa dhamana, kichinjio hicho si kibaya kwa sababu hiyo tu, biashara nyingi nzuri hukopa. Lakini umeelewa unasimama wapi.

Hapo ndipo tunafika kwa mafahali wako 22, na maneno ya meneja.

Meneja huenda anasema kweli kadiri anavyojua. Lakini anapokuambia uendelee kuleta, anakuomba uikopeshe kampuni asiyoimiliki. Tupige hesabu kwa bei zako mwenyewe. Wanane kwa 640,000 ni elfu themanini kila mmoja. Ukipeleka wote 22 kwa masharti ya siku thelathini, utakuwa umekopesha shilingi 1,760,000 zaidi, na jumla itakuwa 2,400,000. Hiyo si biashara ya kunenepesha tena, hiyo ni benki. Kuna mpaka mwingine hapo katikati usiouona. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa pia iko, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na kesi hutakiwa imalizwe ndani ya siku 60. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Leo, kwa 640,000, mlango huo uko wazi kwako. Peleka mafahali watano tu zaidi kwa mkopo na deni linafika 1,040,000, umeshauvuka mpaka, na njia inayobaki ni ndefu zaidi na ya gharama zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wazi: usipeleke hata mmoja kwa mkopo mpaka ujue mdaiwa wako mpya ni nani na deni la zamani limeandikwa. Kupeleka kwa fedha taslimu ni jambo lingine, hilo lifanye. Waambie unaendelea kuwauzia kama kawaida ila kwa kipindi hiki cha makabidhiano unaomba malipo siku ileile mzoga unapopimwa. Mwenye kichinjio mpya anayetaka wafugaji wabaki naye hatakasirishwa na ombi hilo. Akikataa kabisa, amekujuza hali ya mfuko wake.

Naye dalali? Anakuambia bei itaporomoka. Sipendi kumsingizia mtu, na madalali wengi wa Mariakani ni watu waaminifu ambao mfugaji asingeuza bila wao. Lakini yeye hupata faida akinunua kwa mtu mwenye hofu. Tutazame bei inavyofanya kazi kweli.

Kichinjio kina gharama zisizopungua hata siku ambayo hakuna ng'ombe: umeme wa chumba cha baridi, mishahara, maji, leseni, riba ya mkopo. Mwenye mpya aliyelipa fedha nyingi anataka mnyororo wa kuchinjia, ule unaopitisha mizoga, ujae kila siku. Ndiyo maana miezi ya kwanza, mara nyingi, bei hupanda badala ya kushuka: anawavuta wafugaji. Hatari huja baadaye, wakati wafugaji wameshazoea mlango mmoja na wanunuzi wengine wameacha kufika. Bei ya mfugaji haitegemei sana huruma ya mwenye kichinjio. Hutegemea ni wanunuzi wangapi wanaoweza kumfikia ng'ombe wako kabla hajaanza kula faida yako. Fahali aliyekwisha kunenepa hangoji: kila siku anakula pumba na molasi ilhali kilo haziongezeki kama zamani, na ukimpeleka mbali kwenye lori anapoteza uzito njiani. Mnunuzi wa karibu anayajua hayo yote, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Kinachoweza kweli kuangusha bei upesi ni kichinjio kufungwa, hata kwa ukarabati. Agosti 2019 moto uliteketeza sehemu ya kiwanda cha Tyson kule Holcomb, Kansas, kilichokuwa kikichinja takriban ng'ombe 6,000 kwa siku. Bei ya ng'ombe hai ikashuka, na papo hapo bei ya nyama ikapanda. Ng'ombe walikuwa walewale na walaji walewale, kilichopungua ni nafasi ya kuchinjia. Kwa hiyo swali la kuwauliza wenye kichinjio wapya, kwa maandishi, ni hili: mna mpango wa kufunga kwa matengenezo, lini, na kwa muda gani? Wanaotaka soko la nje mara nyingi hulazimika kubadilisha vyumba vya baridi na sehemu za kukagulia. Wakisema watafunga miezi miwili, basi hapo dalali amesema kweli bila kujua sababu, nawe uza sasa.

Uliza pia wanakusudia kuchinja nini. Umesema fedha ni za Ghuba, na watu husikia hivyo wakadhani ng'ombe wao watalipiwa bei ya Dubai. Nyama nyingi ambayo Kenya hupeleka Ghuba ni ya mbuzi na kondoo. Huenda mnyororo wa ng'ombe ukapunguzwa ili wa mbuzi uongezwe. Na wakitaka ng'ombe kwa soko hilo, watachagua: umri, unene, rangi ya mafuta, historia ya magonjwa, karantini. Bei ya juu kwa anayekubaliwa, na safari ya kurudi nyumbani kwa anayekataliwa. Mafahali uliowanunua wakiwa wamekonda, wenye umri usiojulikana, ndio hukataliwa kwanza. Ukiambiwa kuna bei mpya, uliza ni wangapi kati ya kumi wa aina yako watakaoipata.

Njia nyingine za kuuza unazo, na kila moja ina uchungu wake. Mnadani Mariakani utapata fedha mkononi, lakini ng'ombe huuzwa kwa macho, na macho ya mnunuzi siku zote huona kilo chache kuliko zilizopo. Nunua utepe wa kupimia kifua, si ghali, ujue makadirio yako ya kilo kabla ya kusimama mbele ya dalali. Kichinjio kingine kinachokuchinjia kwa ada kinakuachia mzoga, ngozi, kichwa, miguu na matumbo, ukauze mwenyewe kwa mabucha ya Kongowea au kwa anayepeleka hotelini Diani. Pesa huwa nzuri zaidi kwa kila ng'ombe, ila bucha naye hukopa, na mzoga hauna subira. Ukifuata njia hiyo, anza na wawili watatu, si 22. Na ikiwa Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, imekaribia, waliokamilika wasio na kilema watafutie wateja wa udhahiya moja kwa moja, maana huyo hulipa kabla na haulizi kilo. Waliobaki wauze kwa mafungu, ukianza na walionenepa zaidi, kwa sababu ndio wanaokugharimu kila siku. Hapo hujamkimbia mtu wala hujawekeza yote kwa mtu mmoja.

Nije kwa mkataba. Sikukatazi mkataba. Mkataba mzuri ndio unaomwezesha mfugaji kwenda benki, kununua malisho mapema na kulala. Lakini huu uliotajiwa una sharti zito: kuwauzia wao tu kwa miaka miwili. Sharti hilo linapunguza wanunuzi wako hadi mmoja, na nimekueleza hapo juu bei hutoka wapi. Kwa hiyo wanapaswa kukulipa kwa kulikubali. Tazama bei imeandikwaje. Ikiwa karatasi inasema "bei ya soko itakayotangazwa na kampuni", hapo hakuna bei. Bei iungwe na kitu ambacho wewe pia unaweza kukiona, kama vile wastani wa mnada fulani siku fulani, na kiasi cha nyongeza.

Tazama mizani ni lini. Mzoga unaopimwa ukiwa moto, mara tu baada ya kuchunwa, na ule unaopimwa baada ya kupoa si uzito mmoja, maji hupotea chumbani. Fahali wa kilo 350 akiwa hai anaweza kutoa mzoga wa kilo 175. Ukipungua kwa asilimia mbili tu, ni kilo tatu na nusu, na mara 22 ni kilo 77: karibu nusu ya mzoga mzima, imeyeyuka bila mtu kuiba kitu. Hakuna ubaya kupimwa baridi, mradi bei imewekwa kwa kulijua hilo. Tazama pia mzoga ukikutwa na tegu ukatupwa na mkaguzi, hasara ni ya nani. Tazama ngozi na matumbo ni vya nani. Tazama kuna tarehe ya malipo au kuna maneno ya "baada ya muda unaofaa". Na la kwako hasa wewe mnenepeshaji: wakipanga upeleke mafahali tarehe kumi kisha wakuambie mnyororo umejaa, ngoja majuma matatu, ni nani anayelipa chakula cha majuma hayo? Mikataba mingi niliyoisoma imenyamaza kimya juu ya jambo hilo, na ndilo linalomla mfugaji.

Uliza kama wana zizi lao la kunenepeshea, au wanakusudia kulijenga. Mchinjaji mwenye ng'ombe wake anaweza kukaa juma zima bila kununua, akachinja wa kwake hadi wafugaji walegeze bei. Marekani wamebishana juu ya hili miaka mingi, kwa sababu kule kampuni nne huchinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe walionenepeshwa. Mwaka 2008 JBS ya Brazil ilipotaka kununua National Beef, iliyo mmoja wa hao wakubwa, serikali ilikwenda mahakamani kuzuia kwa hoja kwamba wafugaji wangebaki na wanunuzi wachache mno, na mwanzoni mwa 2009 mpango ukaachwa. Hapa kwetu, ununuzi wa kampuni wa kiwango fulani huhitaji idhini ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Sheria ya Ushindani ya 2010, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, inakataza pia mnunuzi mwenye nguvu kuwacheleweshea wauzaji malipo kinyume cha makubaliano bila sababu ya haki, kuwakatiza ghafla bila notisi ya kutosha, au kuwatupia hatari zilizokuwa zake. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka hiyo. Yana uzito zaidi yakipelekwa na wafugaji wengi pamoja, kwa hiyo zungumza na wenzako wanaopeleka hapo. Nina hakika wengine wana stakabadhi kama zako na wanalala macho kama wewe.

Wengine watakutajia KMC, yaani Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, ikafungwa, ikafunguliwa tena 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi, nayo ina kiwanda hapa Kibarani. Hiyo ni taasisi ya serikali iliyowekwa kwa sheria yake, na kuhamishwa wizara si kuuzwa. Usipime jambo lako kwa mfano huo, si kwa tumaini wala kwa hofu.

Kwa mkataba basi, waambie hivi: naomba wa miezi sita, wa nusu ya mafahali wangu, malipo ndani ya siku saba, na kifungu kinachosema kampuni ikiuzwa tena nina haki ya kujitoa. Wakikubali mawili kati ya hayo manne umeanza vizuri. Wakisema ni hivyo ilivyo au basi, acha. Wafugaji wa kweli wenye mafahali walionenepa si wengi kiasi hicho, nao watakutafuta.

Mambo mengi hapo utayafanya mwenyewe, lakini matatu nenda kwa wakili ana kwa ana. Ukikuta notisi ya uhamishaji katika Gazeti Rasmi, mwone kabla ya tarehe iliyotajwa, ili barua ya madai iwafikie wote wawili, muuzaji na mnunuzi, ikiwa bado fedha za mauzo zinahesabiwa. Ukisikia kampuni imewekewa msimamizi au mfilisi, mwone siku hiyo, kwa sababu madai hutakiwa kuwasilishwa rasmi na anayechelewa hupitwa. Na ikiwa wamekukopesha malisho au fedha za kununulia mafahali, mwone kabla ya kudai, maana mwenye mpya anaweza kukata mkopo huo katika deni lako kisha mkabaki mnabishana juu ya salio. Ofisi ya mifugo ya kaunti nayo ipitie, si kwa deni, bali wakuthibitishie kwamba kampuni mpya ina leseni ya kuchinja kwa jina lake. Usipakie lori mpaka wamekujibu hilo.